Wasichana wa Viwanda vya Nguo vya Lowell: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ulianza na swali moja: neno "merikani", lile jina la kitambaa cha pamba, limetoka wapi? Kulijibu kulinifikisha kwenye mji mmoja wa Marekani, na kwa wanawake waliokuwa wakiamka saa kumi na nusu alfajiri kwa mlio wa kengele. Tangu hapo maswali yamekuwa yakija yale yale, nami nimeyakusanya hapa. Saa zote nimezitaja kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

## Mwanzo

Lowell ni wapi?

Ni mji wa jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, penye maporomoko ya Pawtucket katika mto Merrimack. Umepewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston aliyezuru Uingereza kati ya 1810 na 1812. Waingereza walikuwa wamepiga marufuku kutoa nje michoro ya mitambo yao ya kufumia. Bwana huyu hakutoa mchoro wowote. Alitembea viwandani akaangalia, akarudi kwao na mitambo kichwani, kisha yeye na fundi Paul Moody wakaunda wa kwao mjini Waltham. Alifariki 1817, kabla mji wenye jina lake haujawepo. Washirika wake ndio waliokwenda Merrimack, wakachimba mifereji na kujenga viwanda vya matofali. Kiwanda cha kwanza kilianza kufuma 1823.

Hao "wasichana wa viwandani" walikuwa nani hasa?

Wengi walikuwa mabinti wa wakulima wa Massachusetts, New Hampshire, Vermont na Maine, wa kati ya miaka 15 na 30, ambao hawajaolewa. Walijua kusoma na kuandika. Kufikia 1840 viwanda vya Lowell vilikuwa na wafanyakazi wapatao 8,000, wengi wao wanawake.

Msomaji mmoja aliniuliza kama walikuwa "mahausigeli wa kiwandani". Hapana, ingawa naelewa swali linatoka wapi. Kwa binti wa shamba wa wakati ule, njia za kupata pesa zilikuwa kazi ya nyumba za watu, ushonaji, au ualimu wa msimu uliolipa kidogo. Kiwanda kililipa taslimu, na pesa ilitiwa mkononi mwake mwenyewe, haikupitia kwa baba. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Kwa nini wenye viwanda waliwataka wanawake?

Kwa sababu walikuwa rahisi. Mwanaume wa huko alikuwa na shamba, au alikuwa akitazama magharibi ambako ardhi ilikuwa tele, hivyo kumpata kulihitaji ujira mkubwa. Binti alikubali chini ya hapo. Pia kusokota uzi na kufuma kulikuwa kazi ya wanawake nyumbani tangu zamani, kwa hiyo mitambo ilipohamisha kazi, wafanyakazi wakahama nayo.

Kulikuwa na hesabu nyingine. Matajiri wa Boston walikuwa wamesikia habari za Manchester, mji wa viwanda wa Uingereza: moshi, watoto wagonjwa, familia nzima zilizozama katika umaskini. Walitaka kuonyesha kwamba kiwanda kinaweza kuwa na heshima. Binti angekuja, afanye kazi miaka michache, kisha arudi kwao kuolewa, na nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Nia hiyo sidhani ilikuwa uongo mtupu. Lakini mfanyakazi anayeondoka baada ya miaka michache hawezi kuwasumbua sana, na hilo nalo walilijua.

## Kazi yenyewe

Siku yao ilikwendaje?

Ilikwenda kwa kengele. Kiangazi kengele ya kuamsha ililia yapata saa kumi na nusu alfajiri, na saa kumi na moja mitambo ilikuwa inazunguka. Walitoka kwa kifungua kinywa nusu saa, wakatoka tena mchana kwa dakika 30 hadi 45, kisha wakaendelea hadi saa moja jioni. Nusu saa hiyo ni pamoja na kushuka ngazi, kukimbia bwenini, kula na kukimbia kurudi, maana lango lilifungwa. Kwa wastani wa mwaka mzima, wiki ya siku sita ilifika saa 73 hivi. Anayelalamikia foleni ya mashine ya kusaini kazini asome aya hii tena.

Ndani ya kiwanda kulikuwaje?

Jengo la kawaida lilikuwa la ghorofa kadhaa. Pamba iliingia chini ikachambuliwa na kusafishwa, ikapanda juu kusokotwa, ikapanda tena kufumwa. Mto ulizungusha gurudumu kubwa, nalo likazungusha mikanda ya ngozi iliyopita kila ghorofa hadi sakafu ikatikisika. Nywele au upindo wa gauni ukinaswa na mkanda, hapakuwa na muda wa kupiga kelele. Hata ukipiga, nani angesikia?

Madirisha yalifungwa hata wakati wa joto, na mvuke ukapulizwa chumbani, kwa sababu uzi mkavu hukatika. Vumbi la pamba lilielea hewani kutwa. Mfumaji alisimama kati ya mitambo yake akiangalia mtande (nyuzi za urefu) usikatike. Uzi wa mshindio (unaopita kwa upana) ukiisha, alichukua kile kibao kinachokwenda huku na huku, akaweka kibiringo kipya, akapachika mdomo kwenye tundu na kuuvuta uzi kwa pumzi. Kitendo hicho kimeitwa "busu la mauti", maana kila aliyenyonya alivuta na vumbi, na kibao kile kile kilipita midomo ya wengi.

Ushahidi ninaoukumbuka zaidi ni wa Eliza Hemingway, mfumaji aliyesimama mbele ya kamati ya Bunge la Massachusetts mwaka 1845. Alisema chumba chake kilikuwa na taa ndogo 293 na kubwa 61, zikiwashwa kazi ilipoendelea gizani, na humo humo walikuwamo wanawake wapatao 130, wanaume 11 na watoto 12. Vuta picha ya taa zaidi ya 350 za mafuta, moshi wake wote ndani, na madirisha yamefungwa.

Walilipwa kiasi gani?

Miaka ya 1830 pesa ya bweni ilikuwa kama dola 1.25 kwa wiki, ikikatwa moja kwa moja. Kilichobaki mara nyingi hakikuzidi dola 2 kwa wiki. Wafumaji wengi walilipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kitambaa walichotoa, hivyo mwenye mkono mwepesi alipata zaidi. Wanaume, ambao ndio walikuwa mafundi na manyapara, walipata zaidi ya hao wote.

Je, ilikuwa pesa ndogo? Kwa saa walizofanya, ndiyo. Ukilinganisha na kazi nyingine za mwanamke wa wakati ule, ilikuwa nzuri. Majibu yote mawili ni ya kweli, na wanaobishana juu ya Lowell kwa kawaida kila mmoja ameshika moja tu. Mwezi Julai 1841 ilihesabiwa kwamba wasichana 978 walikuwa na akiba katika benki ya mji, na akiba yao kwa jumla ilikadiriwa kuwa dola 100,000.

Pesa waliifanyia nini?

Wengine walilipa deni la shamba la wazazi, wengine wakamsomesha kaka chuoni (chuo ambacho wao wenyewe wasingepokewa). Wengine walinunua gauni na kofia. Hili la kofia liliwakera wahubiri kuliko lote. Aliyeolewa alikuwa na sababu ya kuificha pesa yake: kwa sheria ya wakati ule, ujira wa mke ulikuwa mali ya mume. Massachusetts iliibadilisha sheria hiyo mwaka 1855.

Kazi ilizidi kuwa ngumu, au ilipungua?

Ilizidi. Mwanzoni mfumaji aliangalia mitambo miwili. Kufikia miaka ya 1840 wengi walipewa mitatu au minne, nayo ikaongezwa kasi, huku bei ya kipande ikishushwa. Nyapara naye alipewa bahashishi kama chumba chake kitatoa kitambaa kingi. Kwa hiyo mshahara wa mwisho wa wiki ungeweza kuonekana uko pale pale, na binti akawa amefanya kazi maradufu. Bila kuelewa hapa, sehemu ya migomo haitaeleweka.

## Bwenini

Waliishi wapi?

Katika mabweni ya kampuni, nyumba za matofali zilizopangwa safu karibu na lango la kiwanda. Kila nyumba ilikuwa na mama wa bweni, mara nyingi mjane, na wasichana ishirini hadi arobaini. Chumba kilikuwa cha watu kadhaa, kitanda cha wawili. Saa nne usiku mlango ulifungwa.

Ni kweli walilazimishwa kwenda kanisani?

Ndiyo, kanuni za kampuni zilisema hivyo. Mwenye "tabia mbaya" alifukuzwa, na jina lake likazungushwa kampuni zote za mji asipate kazi tena.

Nimesoma kwamba walikuwa na piano na gazeti lao. Si walikuwa wanastarehe?

Piano zilikuwepo katika baadhi ya mabweni. Charles Dickens alipita Lowell mwaka 1842, akashangaa mambo matatu: piano, maktaba za kuazima vitabu, na jarida lililoandikwa na wafanyakazi wenyewe. Jarida hilo, *Lowell Offering*, lilitoka kati ya 1840 na 1845, likihaririwa mwishoni na Harriet Farley na Harriot Curtis, wote wawili waliotoka kiwandani.

Lakini Dickens alikaa siku moja, wala hakuamshwa na ile kengele. Nao wafanyakazi waligawanyika juu ya jarida. Wapo waliolipenda kwa sababu liliwaonyesha watu kwamba binti wa kiwandani ana akili. Wapo waliolituhumu kuwa linapamba sura ya matajiri na kukataa malalamiko. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila kwa habari za mitambo mitatu na bei ya kipande, usitafute humo. Tafuta katika *Voice of Industry*, gazeti la watetezi wa wafanyakazi.

Na kwa kuwa tumetaja piano: vibonye vya piano nyingi za Marekani vilifunikwa kwa pembe za ndovu zilizokatwa Connecticut, na pembe nyingi zilitoka Zanzibar. Tutarudi huko.

## Migomo

Waligoma lini mara ya kwanza?

Februari 1834, baada ya kampuni kutangaza kupunguza ujira. Msichana mmoja aliyekuwa akiitisha mikutano aliitwa ofisini akafukuzwa. Alipotoka nje aliipunga kofia yake hewani, na wenzake waliokuwa wakimtazama madirishani wakaacha mitambo na kumfuata. Wanawake wapatao 800 waliandamana mjini. Jambo lililowatia matajiri hofu kuliko maandamano ni kwamba wengi walikwenda benki kutoa akiba zao.

Mgomo ule ulizimika kwa siku chache. Wengine walirudi kazini kwa ujira mpya, wengine wakarudi makwao.

Na ule wa 1836?

Huo ulikuwa mkubwa zaidi na ulipangwa vizuri zaidi. Mwezi Oktoba pesa ya bweni ilipandishwa, ambayo ni njia nyingine ya kukata mshahara, na zaidi ya wanawake 1,500 wakatoka. Walianzisha chama chao, na safari hii baadhi ya viwanda vilirudi nyuma.

Tuna habari za ndani kutoka kwa Harriet Hanson, aliyekuwa na miaka 11, kazi yake ikiwa kutoa vibiringo vilivyojaa na kuweka vitupu. Wasichana wa vyumba vya juu walikwisha kutoka. Wa chumba chake, wakubwa kwake, wakabaki wakiulizana: tufanyeje, twende? Mtoto akachoka kusubiri. Akasema yeye anakwenda, wengine wakienda au wasipokwenda, akatoka. Alipogeuka aliona msururu mrefu nyuma yake.

Mama yake alikuwa mjane mwenye bweni la kampuni. Alinyang'anywa bweni. Wakala wa kampuni alimwambia kwamba wasichana wakubwa asingeweza kuwazuia, lakini huyu ni mwanawe, angeweza kumtawala.

Sarah Bagley ni nani?

Mfumaji kutoka New Hampshire na rais wa kwanza wa chama cha wanawake wafanyakazi cha Lowell, kilichoundwa karibu na mwanzo wa 1845. Dai lao lilikuwa siku ya kazi ya saa kumi. Badala ya kugoma walikusanya sahihi maelfu na kuzipeleka kwenye Bunge la jimbo, na hivyo ndivyo ilivyopatikana ile kamati aliyoitolea ushahidi Eliza Hemingway (tazama "Ndani ya kiwanda kulikuwaje?"). Zingatia kwamba walipeleka sahihi kwa wabunge ambao wao, wakiwa wanawake, hawakuwa na haki ya kuwachagua.

Kamati ilisikiliza, ikazuru viwanda, ikasifu nyasi na maua uani, kisha ikasema suala la saa si la Bunge. Mwenyekiti wake, William Schouler, alishindwa uchaguzi uliofuata, na wanawake wa chama walikuwa wamefanya kampeni dhidi yake. Mwaka 1846 Bagley alikwenda kuendesha ofisi ya telegrafu hapo Lowell, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa wa kazi hiyo.

Basi, walipata saa kumi?

Walipata, lakini si wale walioziomba. Mwaka 1847 kampuni zilipunguza nusu saa, mwaka 1853 zikashuka hadi saa 11. Sheria ya Massachusetts ya saa kumi kwa wanawake na watoto ilipita 1874.

Walijiita "watumwa". Si kutia chumvi?

Hili ndilo swali linaloletwa kwa hasira zaidi, na ni haki liulizwe. Katika nyimbo na makaratasi yao walisema hawatakubali kufanywa watumwa. Wakati huo huo, pamba waliyoisokota ililimwa Kusini mwa Marekani na watu waliokuwa watumwa kweli, walionunuliwa na kuuzwa. Tena baadhi ya viwanda vilifuma kitambaa duni, kigumu, kilichonunuliwa na mabwana wa mashamba kuwavisha watumwa hao hao. Mwaka 1848 mwanasiasa Charles Sumner alikishutumu kile alichokiita muungano wa mabwana wa mitambo na mabwana wa mjeledi.

Baadhi ya wasichana waliuona mshono huo. Wapo waliotia sahihi dhidi ya utumwa, na Lucy Larcom, aliyeanza kazi akiwa na miaka 11 na baadaye akawa mshairi, aliandika shairi juu ya pamba yenye damu. Wengine hawakuuona, au waliona wakaendelea, maana mshahara ulitoka humo. Kwangu, msichana wa Lowell hakuwa mtumwa: aliweza kufunga mzigo akarudi kwao, na wengi walifanya hivyo.

## Kitambaa kilikwenda wapi

Hapa ndipo inapoingia merikani?

Ndiyo. Merikani ni kitambaa cha pamba cheupe kisichopaushwa, kizito kidogo, na jina lake ni nchi kilikotoka. Meli za Salem, bandari ya jirani ya Boston, zilikuwa zikifika Zanzibar tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, akafika. Meli zilileta kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, vya Lowell vikiwamo, zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Baadaye Salem ikajenga kiwanda chake yenyewe, Naumkeag.

Wenyeji walikipenda kwa sababu kilidumu. Bafta ni laini zaidi, lakini muulize fundi cherehani wa zamani kipi kinavumilia kufuliwa. Kutoka pwani kilipanda na misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, nacho kikawa pesa: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na kiasi kikubwa kikahesabiwa kwa jora. Kwa hicho walilipa hongo (ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala), wakanunua chakula, wakalipa wapagazi.

Wale wasichana walijua kitambaa kinakuja kwetu?

Mfumaji aliona kitambaa kikijikunja kwenye mti wa mtambo, kikakatwa, kikaandikwa hesabu yake, basi. Mikono iliyokifuma na mikono iliyokipima kwa dhiraa ilitenganishwa na bahari mbili na wafanyabiashara wengi wa katikati.

Kwa nini biashara hiyo ilikoma?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ya Kusini. Kampuni za Lowell ziliuza pamba zilizokuwa nazo kwa faida, zikafunga mitambo na kuwaacha maelfu bila kazi. Zanzibar merikani ikaadimika na bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Wamarekani walirudi baada ya vita, ila mwishoni mwa karne viwanda vya Bombay vilikuwa vimechukua soko. Jina halikubadilika: kitambaa cha Bombay nacho kikaitwa merikani.

## Maswali ya pembeni

Uingereza nako kulikuwa hivi hivi?

Hapana. Huko kiwandani waliingia familia nzima, na watoto wadogo mno. Sheria ya 1833 ilikataza walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, ya 1844 ikaweka kikomo cha saa 12 kwa wanawake, na ya 1847 ikaleta saa kumi. Yaani Manchester, iliyodharauliwa na matajiri wa Boston, iliwapa wanawake saa kumi miaka 27 kabla ya Massachusetts.

Wanawake weusi walifanya kazi Lowell?

Kwenye mitambo karibu hawakuajiriwa kabisa. Kazi yao katika biashara hii ilikuwa shambani, kabla pamba haijafika.

Kwa nini mabinti wa wakulima walitoweka viwandani?

Walichoka na kasi (tazama "Kazi ilizidi kuwa ngumu?"), na njia nyingine zilifunguka, hasa ualimu. Kuanzia 1845 njaa iliwasukuma Waayalandi kuvuka bahari, nao hawakuwa na shamba la kurudia. Kufikia 1860 sehemu kubwa ya wafanyakazi walikuwa wazaliwa wa nje. Wakafuata Wakanada wanaosema Kifaransa, kisha Wagiriki, Wareno na Wapolandi. Habari za mabweni na piano zikaisha zenyewe.

Naweza kuona chochote leo?

Unaweza. Tangu 1978 sehemu ya mji ni hifadhi ya taifa ya historia, na katika jengo la zamani la Boott kuna chumba chenye mitambo 88 ya kufumia ya karne ya 20 inayoweza kuwashwa. Huwashwa michache tu kwa wakati mmoja, na bado wageni hupewa vizibo vya masikio mlangoni.